Usiku Mmoja Atami

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaicheka methali hii, lakini ndani yake mna heshima yake: anayepewa jembe ameshakuwa mtu wa nyumbani. Sasa je, ukimpa mgeni wako hoteli badala ya jembe? Na mgeni huyo akiwa mama yako mzazi?

Swali hilo ndilo limekaa katikati ya Tokyo Monogatari, yaani Hadithi ya Tokyo, filamu ya Yasujirō Ozu ya mwaka 1953. Mwaka 2012 jarida la Sight & Sound lilipowauliza waelekezi wa filamu duniani ni ipi iliyo bora kuliko zote, hii ndiyo waliyoiweka juu. Sifa ya namna hiyo humtisha mtazamaji. Mimi niliikwepa miaka, nikidhani ni filamu ya kusomewa chuoni. Kumbe ni hadithi ya wazazi waliokuja mjini na watoto wasiojua wawafanyie nini. Hiyo si hadithi ya Japani peke yake, lakini Ozu ameisimulia kwa vitu vya Japani tupu, na kimojawapo ni nyumba ya wageni yenye maji moto. Nataka tukae hapo, kwa sababu naona wengi hupita haraka.

Kwanza kisa. Shukichi na Tomi Hirayama ni wazee wa Onomichi, mji wa bandari upande wa magharibi. Wanapanda treni kwenda Tokyo kuwaona watoto. Koichi ni daktari wa mtaani, ana wagonjwa hata Jumapili. Shige ana saluni. Shoji alifia vitani miaka minane iliyopita, akamwacha mjane, Noriko. Wazazi wanapokelewa vizuri tu, chai inaletwa, maneno ya adabu yanasemwa, lakini hakuna mwenye nafasi. Basi Koichi na Shige wanakaa, wanapiga hesabu, wanachanga. Wazazi watapelekwa Atami wakapumzike. Shige anajua nyumba nzuri huko, inatazama bahari, na bei yake si mbaya. Tena, ukipiga hesabu vizuri, ni nafuu kuliko kuwakaribisha nyumbani.

Atami ni mji wa pwani kusini magharibi mwa Tokyo, kwenye rasi ya Izu, na jina lenyewe maana yake ni bahari ya moto. Handaki la reli la Tanna lilipofunguliwa mwaka 1934, mji uliingia kwenye njia kuu ya treni. Moto mkubwa wa Aprili 1950 uliteketeza sehemu kubwa yake, ukajengwa upya. Kwa hiyo Atami anayoionyesha Ozu ni mji wa starehe ulioamka juzi, unaotafuta wateja wenye kelele na pesa.

Ili kuelewa kinachoharibika pale, lazima ujue nyumba hizi, ryokan, hufanya kazi vipi zikifanya kazi vizuri. Unavua viatu mlangoni. Unapewa ndara za kutembelea ushorobani, nazo pia unazivua kabla ya kukanyaga mikeka ya tatami. Unapewa yukata, vazi jepesi la pamba, upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, manake kinyume chake ni mavazi ya maiti. Bei huhesabiwa kwa kichwa, na ndani yake mna chakula cha jioni na cha asubuhi. Mkiisha kula, mhudumu anaondoa meza na kutandika magodoro sakafuni, na chumba kile kile mlichokuwa mkinywa chai kinageuka chumba cha kulala. Bafuni unajisugua kwanza pembeni, ukae kwenye kigoda, ujimwagie maji mpaka utakate, ndipo uingie kwenye maji ya chemchemi. Sabuni haiingii mle kamwe. Maji ni ya wote.

Ukitazama vizuri, taratibu zote hizo zina lengo moja: kuwafanya watu wasiojuana waishi kama jamaa kwa usiku mmoja. Mnavaa sare. Mnaoga maji mamoja. Mnatenganishwa na mbao nyembamba na karatasi. Na kwa walio jamaa kweli, nyumba hii huwarudisha karibu, kwani huko kuna desturi ya mtoto kumsugua mzazi mgongo. Safari za kumpeleka mzazi kwenye maji moto zina jina lake kabisa kwa Kijapani, jina lenye neno la kuwatii na kuwaenzi wazazi. Shige na Koichi hawakubuni kitu kigeni. Walichofanya ni kununua desturi yote na kuacha kitu kimoja: wao wenyewe kwenda.

Sasa tazama Ozu anavyoipiga picha. Mchana, wazee wamekaa ndani ya yukata, wanatazama bahari, wanasema imetulia. Wanapanga kuamka mapema watembee ufukweni. Halafu usiku unaingia. Chumba kingine watu wanacheza mahjong na kunywa. Nje waimbaji wa barabarani wanapita na vyombo vyao. Kamera, ambayo Ozu huiweka chini karibu na mkeka, inatuonyesha ushoroba, na mbele ya mlango wa wazee jozi mbili za ndara zimepangwa sawasawa. Ndani, wawili hao wamelala macho. Mzee anajipepea. Hakuna anayelalamika.

Zile ndara ndizo zilizonikaa. Adabu yote ya nyumba hiyo imo mle: waliofika jioni walivua, wakapanga, wakaingia. Wao wametimiza upande wao wa mkataba. Wa vyumba vingine hawakutimiza, na kuta za karatasi hazimlindi mtu dhidi ya jirani asiyejali. Maji moto yenyewe hatuyaoni, kwani kamera haiwafuati wazee bafuni hata mara moja. Mwelekezi mwingine angetupa mvuke na migongo ya wazee ndani ya maji, angalau tuseme walifaidi kidogo. Ozu anakataa. Anatuonyesha nyumba ya maji moto bila maji, na nadhani anajua anachofanya: bila mtu wa kukusugua mgongo, kilichobaki ni chumba cha kukodi.

Asubuhi wamekaa kwenye ukuta wa bahari, migongo yao midogo imetugeukia. Mzee anasema mahali hapa ni pa vijana. Wanakubaliana warudi nyumbani. Mama anataka kuinuka, anapata kizunguzungu, anashika chini. Kidogo tu, kisha anasimama. Ukiwa hujaitazama filamu hii hapo awali, unaweza kudhani ni mguu umekufa ganzi.

Wanarudi Tokyo mapema kuliko walivyotarajiwa, na hapo ndipo watazamaji humfungulia Shige mashtaka. Amepanga kikao cha wasusi wenzake jioni hiyo, hana pa kuwaweka. Mteja anapouliza ni nani hao walioingia, anajibu ni watu anaowajua tu, wa mashambani. Nimesikia watu wakiguna kwa pamoja hapo. Wahakiki wengi nao huishia papo hapo: Shige mbaya, Noriko mwema, jiji limeharibu watoto.

Mimi nasema tusubiri. Usiku huo huo mzee Shukichi anakwenda kunywa na marafiki wa zamani, na anarudishwa saluni usiku wa manane na polisi, yeye na mwenzake, wamelewa chakari. Shige anakasirika, na katika hasira yake tunajifunza kwamba baba huyu mpole anayetabasamu kila wakati alikuwa mlevi, akaacha tu mdogo wao Kyoko alipozaliwa. Maneno machache, yanapita. Lakini yanabadilisha hesabu yote. Shige alikulia nyumba ile. Anakumbuka mambo ambayo Noriko, mkaza mwana, hakuyaona. Noriko anampenda mzee asiyemdai chochote, na Shige anaishi na mzee anayemdai utoto wake. Ozu hamtetei, lakini amempa ushahidi, na mhakiki anayemhukumu bila kuusoma hajatazama filamu yote.

Kama nina lawama kwa Ozu, ni hapa. Ushahidi huo ameuficha mno, na uso wa Setsuko Hara, aliyemchezea Noriko, unang'aa kiasi cha kumfunika kila mtu. Haruko Sugimura, kama Shige, anafanya kazi ngumu zaidi: kucheza mtu asiyependeza ambaye unamjua, pengine unamwona kwenye kioo. Tunamlilia Noriko kwa sababu ni rahisi kuwa Noriko kwa saa mbili na robo. Kuwa Shige ni kila siku.

Hata hivyo Ozu anajua kitu kuhusu Noriko ambacho ni zaidi ya wema. Wazee wanapokosa pa kulala, wanagawana: baba kwa marafiki, mama kwa mjane. Kabla ya hapo wapo bustani ya Ueno, na kamera, ambayo katika filamu hii karibu haisogei kabisa, inasogea polepole kandokando ya ukuta mpaka inawakuta wameketi. Mzee anatania kwamba sasa wamekuwa yadonashi. Neno hilo maana yake ni mtu asiye na makao, na yado iliyomo ndani yake ndiyo hiyo hiyo nyumba ya kulala wageni. Saa chache nyuma walikuwa na yado iliyolipiwa, yenye bahari dirishani. Sasa hawana, na wanacheka.

Usiku huo Tomi analala kwa Noriko, kwenye chumba kimoja kidogo, kwenye godoro la mwanawe aliyekufa. Na Noriko anamkanda mabega. Ndiyo hiyo tu. Hakuna chemchemi, hakuna mandhari, hakuna chakula cha vibakuli kumi. Kuna mkono kwenye bega. Kitu ambacho Atami iliuza ikashindwa kukitoa, kimepatikana bure kwenye jengo la kupanga. Ukitaka kujua Ozu ana maoni gani kuhusu wiki nzima ya safari ile, weka picha hizo mbili kando kwa kando: wazee wawili macho wazi Atami, na mama mmoja anayekandwa mabega Tokyo.

Sasa wacha niseme kwa nini nimekuwa mkali hivi. Mwaka juzi sisi ndugu watatu tulichanga pesa kwa simu, tukamkatia Mama tiketi ya treni ya Mombasa na chumba cha hoteli ufukweni, siku tatu, chakula ndani. Tulimwambia, Mama, tunakupeleka Mombasa. Alifurahi, akanunua leso mpya. Jioni ya kwanza akapiga simu. Akauliza, "Sasa nyinyi mko chumba gani?"

Kiswahili kilimdanganya, au tuseme sisi tulikitumia kwa ujanja bila kujua. Kupeleka mtu ni nini? Ni kumshika mkono mwende naye, na pia ni kumtuma kama mzigo. Mama alisikia maana ya kwanza. Sisi tulilipia ya pili. Alikuwa amebeba mahamri ya watu wanne.

Alirudi siku moja kabla. Akasema hoteli ilikuwa nzuri, watu wazuri, bahari nzuri. Tulimwamini, na kwenye kikundi chetu cha WhatsApp tukapeana pongezi.

Katika filamu, Tomi anaanza kuugua njiani, na akifika Onomichi anazidiwa. Anafariki, ana miaka sitini na minane. Shige na Koichi wanakuja na nguo za msiba tayari sandukuni, na baada ya mazishi, wakiwa wanakula, Shige anaomba nguo fulani za mama abaki nazo. Hapo pia watu huguna. Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Mzee anakumbuka, kama jambo dogo, kwamba kule Atami mama alipata kizunguzungu. Shige anauliza kwa mshtuko kwa nini hawakuambiwa, hata Koichi, ambaye ni daktari. Na swali hilo ni la haki. Angeambiwa lini? Waliporudi, kulikuwa na kikao. Kabla ya hapo, pale ukutani mwa bahari, daktari wa familia alikuwa Tokyo kwa sababu ndiye aliyelipia nusu.

Ozu na mwandishi mwenzake Kōgo Noda waliandika skripti hii wakiwa wamejifungia kwenye nyumba ya wageni huko Chigasaki, pwani hiyo hiyo upande wa Tokyo. Ozu hakuoa. Aliishi na mama yake mpaka mama alipofariki mwaka 1962, naye akafuata mwaka uliofuata. Sitaki kulifanya hilo ufunguo wa filamu. Nasema tu kwamba aliyeandika kuhusu kuwapeleka wazazi nyumba ya wageni alikuwa yeye mwenyewe ndani ya nyumba ya wageni, na alikuwa na mtu wa kurudia nyumbani.

Filamu ilipoisha nilimpigia Mama. Nikazunguka zunguka, halafu nikamuuliza kama kule Mombasa kuna jambo lolote lilimpata.

"Hakuna," akasema. "Ile lifti tu. Ilikwama na mimi ndani, pengine nusu saa. Lakini hiyo ni zamani, mwanangu. Umekula?"