Noti ya Rupia Moja Ilichelewa kwa Sababu

Wanaozitazama noti za dharura zilizotolewa na Deutsch-Ostafrikanische Bank, benki ya koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwanza huona uduni wake: karatasi isiyolingana rangi wala unene, chapa ya kawaida, na mara nyingi sahihi za kalamu. Si ajabu, maana noti za 1905 zilichapwa Leipzig na zilikuwa na simba na bandari ya Dar es Salaam. Lakini uduni huo unatuambia tu kwamba meli zilizuiwa. Kilichoitafuna fedha ya koloni kinasomeka kwenye tarehe za noti zenyewe.

Waingereza waliizingira pwani kuanzia 1 Machi 1915. Noti ya dharura ya rupia 20 ina tarehe 15 Machi. Ya rupia 200 ni ya Juni, ya rupia 5 ni ya Agosti, na ya rupia 1 ni ya Septemba. Mwaka uliofuata karakana ya reli Tabora ikawa inafyatua sarafu za heller 20 na heller 5, na rupia moja ilikuwa heller 100. Upungufu, basi, ulianzia kwenye malipo makubwa ukateremka hadi kwenye chenji ya sokoni. Tuseme serikali ilihitaji tu fedha zaidi kwa askari na wapagazi. Ingeendelea kuchapa za 20, kwa kuwa kuikata noti ya rupia 1, kuipa namba na kuitia sahihi ni kazi ileile. Ili kutoa rupia 20 kwa noti za moja moja, makarani hufanya kazi hiyo mara ishirini. Hakuna benki inayojitwika mzigo huo kwa hiari. Ilijitwika kwa sababu rupia za fedha zilikuwa zinafichwa, na muuza samaki hakuwa na cha kurudisha.

Atakayepinga atasema tarehe iliyochapwa si siku noti ilipoingia mikononi mwa watu. Ni kweli, ila inaonyesha benki iliona haja ipi kabla ya ipi, na hoja yangu haihitaji zaidi. Mwingine atasema dawa ilikuwa kuleta fedha kutoka Ulaya. Meli ya Rubens ilipenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, bunduki na risasi zake zikaokolewa. Hata ingebeba masanduku ya rupia, nazo zingefukiwa: mwenye aina mbili za pesa hutumia ile asiyoiamini. Dhahabu ya Sekenke iliyofyatuliwa Tabora kuwa vipande vya rupia 15 vyenye tembo haikuweza kuponya ugonjwa huo.

Na waliofukia hawakukosea. Rupia ya Kijerumani ililingana na ya Kihindi kwa uzito na ubora wa fedha, kwa hiyo mkulima wa nazi wa Ushongo aliyekuwa nayo alishika kitu chenye thamani hata bendera ibadilike. Mwenye noti alishika ahadi ya benki kulipa kwenye madirisha yake ndani ya koloni. Waingereza waliiteka Tanga Julai 1916. Noti za mwisho, zilizogongwa porini kwa herufi za mpira, zina tarehe 1 Julai 1917.