Damu Ilivyopewa Njia Mpya ya Mapafuni

Tarehe 29 Novemba 1944, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, Dk. Alfred Blalock alifungua kifua cha mtoto wa kike wa miezi 15. Mtoto huyo alikuwa na uzito wa takribani kilo 4, na midomo na kucha zake zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu. Upasuaji ule husimuliwa kama mlango uliofungua upasuaji wa moyo, na ni kweli ulifungua. Lakini moyo wenyewe haukuguswa. Kasoro zote alizozaliwa nazo zilibaki kama zilivyokuwa, na kilichobadilishwa ni mshipa mmoja tu nje ya moyo. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo ubora wa kazi ile. Wahusika walielewa moyo unavyofanya kazi kiasi cha kuweza kumsaidia mtoto bila kuurekebisha moyo wenyewe, jambo ambalo wakati huo halikuwezekana.

Tuifuate damu yenyewe. Moyo ni pampu mbili zilizoshikamana. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kuacha oksijeni mwilini. Damu hiyo huingia atiria ya kulia, hushukia ventrikali ya kulia, kisha husukumwa kwenye ateri ya mapafu. Huko hupata oksijeni, ikarudi atiria ya kushoto, ikaingia ventrikali ya kushoto na kutoka kwa nguvu kupitia aota kwenda mwili mzima. Vali nne huizuia isirudi nyuma. Pampu hizi mbili husukuma kiasi kilekile cha damu, kama lita 5 kwa dakika kwa mtu mzima aliyepumzika, lakini nguvu zao hazilingani hata kidogo. Mapafu yako jirani na mishipa yake ni laini, hivyo ventrikali ya kulia hutosheka na shinikizo la kama milimita 25 za zebaki. Ya kushoto hufikisha 120 au zaidi, na ndiyo sababu ukuta wake ni mnene karibu mara tatu ya ule wa kulia. Tofauti hii ya shinikizo ndiyo iliyotumiwa Baltimore.

Ugonjwa wa mtoto yule huitwa tetralojia ya Fallot, kwa jina la daktari wa Marseille, Ufaransa, aliyeueleza mwaka 1888. Kasoro zake huhesabiwa nne: ukuta unaotenganisha ventrikali mbili una tundu, aota imekaa juu ya tundu hilo badala ya kukaa upande wa kushoto peke yake, njia ya kutoka ventrikali ya kulia kwenda mapafuni imebanwa, na ukuta wa ventrikali hiyo umenenepa. Lakini hazina uzito sawa. Ya nne ni matokeo tu, kwani msuli unaosukuma dhidi ya mlango mwembamba lazima unenepe. Inayoamua hali ya mgonjwa ni ile ya tatu. Njia ya mapafuni ikibanwa sana, damu ya upande wa kulia hutafuta penye wepesi, ikapita kwenye tundu na kuingia aota moja kwa moja bila kufika mapafuni. Hemoglobini isiyo na oksijeni ina rangi ya giza, na ngozi ya mtoto huionyesha.

Kuna dalili moja ambayo kila mzazi anapaswa kuijua. Mtoto mwenye tetralojia akikimbia kidogo husimama ghafla na kuchuchumaa, wala hakuna aliyemfundisha. Akichuchumaa, mishipa ya miguu hubanwa, upinzani dhidi ya aota huongezeka, na damu iliyokuwa ikikimbilia huko hulazimika kwa sehemu kupita njia nyembamba ya mapafuni. Pumzi humrudia. Mtoto anayechuchumaa hivyo kila akicheza asiachwe kwa kudhaniwa mvivu. Apelekwe hospitali akapimwe moyo.

Aliyeona ufumbuzi kwanza ni Dk. Helen Taussig, aliyesimamia kliniki ya moyo ya watoto hapo Johns Hopkins. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake, akajizoeza kuusoma moyo kwa vidole juu ya kifua cha mtoto na kwa mashine ya eksirei. Kila mtoto kabla ya kuzaliwa ana mshipa mfupi, duktasi, unaounganisha ateri ya mapafu na aota, nao hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Taussig aligundua kwamba baadhi ya watoto wenye tetralojia walikuwa na nafuu maadamu duktasi ilikuwa wazi, na hali ikawageuka ilipojifunga. Maana yake ilikuwa dhahiri kwake: wagonjwa hawa hawauawi na tundu la moyo, wanauawa na uhaba wa damu mapafuni. Basi kama duktasi huwaokoa, kwa nini isitengenezwe nyingine? Alimfuata Dk. Robert Gross wa Boston, ambaye mwaka 1938 alikuwa wa kwanza kuifunga duktasi iliyobaki wazi kwa mtoto. Gross hakuvutiwa. Kazi yake ilikuwa kuzifunga, na huyu alikuja kumwomba afungue.

Jibu lilikuwa tayari kwenye daftari za watu wengine. Miaka michache nyuma, katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville, Blalock na msaidizi wake wa maabara, Vivien Thomas, waliwahi kuunganisha ateri ya chini ya mtulinga, ile inayopeleka damu mkononi, na ateri ya mapafu ya mbwa. Walitaka kupandisha shinikizo la mapafu. Halikupanda, na jaribio likahesabiwa kuwa limeshindwa. Lakini mbwa waliishi na mishipa ilibaki wazi. Taussig alipowaeleza shida yake mwaka 1943, wakiwa sasa Johns Hopkins, walichohitaji ni kilekile walichokwisha kukifanya.

Sasa kazi ikamwangukia Thomas. Alikuwa seremala kijana mweusi, akaajiriwa na Blalock mwaka 1930 na kulipwa mshahara wa mfagizi huku akifanya utafiti, na akiba yake ya kusomea udaktari ikapotea benki zilipoanguka. Kwanza ilimbidi amfanye mbwa mzima awe na upungufu wa oksijeni kama wa mtoto wa buluu, kwa sababu tetralojia yenyewe haiigiziki. Aliondoa sehemu za mapafu na kuunganisha ateri na vena ya mapafu ili damu isiyo na oksijeni irudi mwilini. Kisha ikabidi athibitishe kwamba mshipa wa mkono ukielekezwa mapafuni hali hiyo hupungua. Kazi hii ilichukua karibu miaka miwili na mbwa wapatao 200.

Mshono wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Ateri ya mkono hukatwa, upande wa mkononi ukafungwa, na ncha inayotoka aota ikashushwa hadi ateri ya mapafu. Hii ya pili hubanwa kwa vibanio pande mbili, ubavu wake ukatobolewa kwa mkato mdogo, na ncha ikashonwa pale kwa uzi wa hariri. Kingo lazima zikunjwe nje ili utando wa ndani wa mshipa huu ugusane na utando wa ndani wa ule. Ukiacha nyama ya ukuta wa nje ichungulie ndani, damu itaganda hapo na njia itaziba. Kwa mtoto wa kilo 4, mishipa yote miwili ni myembamba kuliko penseli. Sindano ndogo kiasi hicho hazikuwepo, kwa hiyo Thomas alikata zilizokuwepo, akazinoa upya kwa mkono. Alifanya upasuaji huu kwa mbwa mara nyingi sana. Blalock hakuwa na mazoezi ya aina hiyo. Siku ya mtoto, Blalock alitaka Thomas asimame nyuma yake juu ya kigoda, akawa anamuuliza kama mkato unatosha na kama sindano inapita upande ufaao. Blalock ndiye aliyeshika kisu, lakini ujuzi wa mshono ule ulikuwa wa Thomas.

Kwa nini ateri ya mkono? Naona huu ndio uamuzi bora kuliko yote. Katika tetralojia shinikizo la ateri ya mapafu liko chini sana, na la ateri ya mkono ni la aota, kwa hiyo ukiziunganisha damu huenda mapafuni yenyewe. Mkono haufi, kwani mishipa midogo ya bega na shingo huupelekea damu. Na wembamba wa mshipa huo hupima kiasi: hupitisha damu ya kutosha bila kuyafurikisha mapafu. Waliokuja baadaye waliunganisha aota moja kwa moja na ateri ya mapafu, na mara nyingi tundu la kiunganishi hicho lilipozidi ukubwa, mapafu yalizidiwa na damu na moyo ukachoka.

Mtoto wa kwanza alipata nafuu, lakini baadaye buluu ilirudi, akapasuliwa tena, akafariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Mshipa ulikuwa mdogo mno. Februari 1945 walipasuliwa wengine wawili, na kwa wa tatu, mvulana wa miaka sita, midomo ilibadilika kuwa myekundu pale pale mezani vibanio vilipoachiwa. Mwezi Mei mwaka huo Blalock na Taussig walichapisha taarifa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Jina la Thomas halimo. Johns Hopkins ilimpa shahada ya heshima mwaka 1976, na vitabu vingi vya tiba sasa huuita upasuaji huo Blalock-Thomas-Taussig. Kosa hilo lilichukua muda mrefu mno kurekebishwa.

Moyo wenye tetralojia ulikuja kufunguliwa na kuzibwa tundu lake mwaka 1954, Minneapolis, na Dk. Walton Lillehei, na leo hiyo ndiyo tiba kamili. Njia ya 1944 haikufa. Kwa mtoto mchanga asiyeweza kungoja, bado madaktari hutengeneza kiunganishi cha muda, safari hii kwa kipande cha bomba la plastiki, ili mshipa wa mkono usikatwe. Waliofanyiwa kwa mtindo wa zamani hutambulika kirahisi: mapigo ya mkono ule uliotoa mshipa ni hafifu au hayapo, na shinikizo la damu lazima lipimwe kwenye mkono wa pili.