Deraya ya Farasi na Saisi Aliyegawa Bure

Watu wamekwisha kuifanya mzaha kadhia ya deraya ya farasi ya mchezo wa Oblivion, hata kila duka la michezo ya kompyuta linapotundika tandiko la dhahabu au barakoa ya joka kwa ajili ya mnyama wa kupandwa, hakosi mmoja wa kuitaja, wenzake wakacheka, na mazungumzo yakaishia hapo pasipo hata mmoja wao kuuliza ni kitu gani hasa kilichoharibika siku ile ilipotolewa, tarehe 3 Aprili 2006. Mimi sicheki. Nasema palifanyika kosa la ufundi lililo dhahiri kwa kila mwenye macho, na kwamba wengi wa walioteta wakati ule waliishika bei wakaliacha banda, ilhali kosa lilikuwa bandani.

Bei tuimalize upesi. Wachezaji wa Xbox 360 walitakiwa pointi 200 za Microsoft, yaani dola mbili na nusu za Marekani, na wa kompyuta dola 1.99, mchezo wenyewe ulikuwa na umri wa wiki mbili tu tangu utoke tarehe 20 Machi, na deraya hii ndiyo iliyokuwa nyongeza yake ya kwanza kuwekwa sokoni na Bethesda, watengenezaji wake. Fedha hiyo haimfilisi mtu aliyekwisha kununua mtambo na mchezo. Wala kumpamba mnyama si aibu: tangu farasi alipoanza kutiwa lijamu, mwenye farasi amempamba, na hakuna sheria ya akili inayokataza pambo kuwa bidhaa. Lau malalamiko yangekuwa na hoja hizo mbili tu, leo ningeandika kuwatetea wauzaji.

Basi na twende bandani. Umekwisha kulipa, unaufungua mchezo, na ujumbe unakuzukia kiooni kukuarifu kwamba deraya zinapatikana Chestnut Handy Stables, nje ya kuta za Imperial City. Unampeleka farasi wako. Huko unamkuta saisi, Snak gra-Bura, mwanamke wa Kiorki, na maneno yake ni machache: wataka ya chuma au ya Kielfu? Unachagua, farasi anavikwa, shughuli imekwisha. Mfuko wako wa dhahabu haukupungua hata sarafu moja, kwa kuwa deraya ya kwanza ni hiba. Ukirudi na farasi wa pili, saisi yule yule, katika banda lile lile, anakudai sarafu 500.

Hebu mwenye kusoma asimame hapa pamoja nami, maana hapa ndipo penye ugonjwa. Deraya iliyokutoa fedha halisi, fedha ya jasho, ndani ya mchezo haina thamani yoyote na inagawiwa kwa yeyote apitaye. Na deraya ya pili, isiyokutoa hata senti, ndiyo yenye bei na ndiyo ya kuhangaikiwa. Ni sawa na kutozwa ada mlangoni mwa soko kwa ajili ya kitambaa fulani, kisha ukaingia ndani ukamwona mwenye kitambaa hicho akikigawa kama sadaka. Aliyelipa ameondolewa mambo mawili kwa pigo moja: hakununua, kwa sababu hakuna aliyepokea chochote kwake, wala hakustahiki, kwa sababu hakutenda chochote. Alipewa. Na mtu aliyelipa hapendi kupewa.

Ubaya wa jambo hili unazidi tukikumbuka limetendeka katika dunia ya namna gani. Cyrodiil ya Oblivion ni nchi iliyotengenezewa tijara kwa uangalifu mkubwa: kuna mizani ya kupatana bei ambayo mchezaji huisogeza mwenyewe kila anapokabiliana na mchuuzi, kuna ustadi wa biashara unaokua kwa kutumika, kila mchuuzi ana kikomo cha dhahabu anachoweza kutoa, na moyo wake kwa mnunuzi hupanda na kushuka kwa kadiri ya maneno mazuri, rushwa na sifa. Farasi wenyewe huuzwa kuanzia sarafu 500 hadi 5,000, na aliyechuma sarafu 5,000 kwa kuzunguka mapango na magofu anajua uzito wa kila moja. Vyombo vyote hivi vya soko vilikuwa tayari, vimenyooshwa, na waundaji hawakukigusa hata kimoja.

Wala mtu asiseme kwamba hiba haina nafasi katika mchezo wa aina hii. Kila aliyecheza anamkumbuka Prior Maborel wa Weynon Priory, anayemwachia mchezaji farasi wake mwanzoni kabisa mwa kisa. Lakini hiba ile ina sababu, kwa kuwa mfalme ameuawa, hirizi ya kifalme imefikishwa, na mjumbe anatakiwa aende mbio hadi mji wa Kvatch. Mtoaji ana haja na mpokeaji ana safari. Snak hana haja nawe, wala wewe huna habari ya kumpa, naye hakuulizi hata jina la farasi wako.

Dawa ilikuwa karibu na rahisi. Dola zifungue duka, dhahabu inunue bidhaa: ya chuma kwa bei ya mtu wa kawaida, ya Kielfu kwa bei ya kumtoa mtu jasho, na anayetaka kupunguziwa apatane na saisi kama anavyopatana na kila mchuuzi mwingine kutoka Anvil hadi Cheydinhal. Au mchezaji atumwe: aende akalete chuma, au amtafute mhunzi, au ayarejeshe matandiko yaliyoibwa njiani. Kwa kazi ya nusu saa ya namna hiyo, pambo lile lile, kwa pointi zile zile 200, lingekuwa mali ya mchezaji kwa haki.

Nami sisemi ndoto. Nyumba ile ile, katika mwezi ule ule wa Aprili, ilitoa nyongeza nyingine mbili kwa pointi 150 kila moja, pungufu ya deraya, na zote mbili zilitenda ninayoyataka. Katika Orrery, Bothiel wa Arcane University anakutuma ukavirejeshe vipande vya mtambo wa nyota vilivyoporwa na majambazi. Katika Wizard's Tower unarithi mnara mtupu wa Frostcrag Spire, na kila samani yake unaifuata kwa Aurelinwae, dukani Mystic Emporium, ukiilipia dhahabu yako mwenyewe. Basi aliyetoa zaidi alipewa hiba, na aliyetoa pungufu akapewa kazi, duka na fahari ya kununua. Huwezi kusingizia ujinga pale ambapo ujuzi ulikuwa chumba cha pili.

Matumizi ya deraya yenyewe ni fundo jingine. Inasemekana humlinda farasi, na ni kweli humwongezea uhai kiasi. Lakini katika Oblivion mpandaji hawezi kupigana akiwa juu ya farasi, hata kila vita inapozuka lazima ashuke kwanza, na vita vya juu ya farasi vilisubiri hadi mchezo uliofuata, Skyrim, tena si Skyrim ilipotoka bali baada ya marekebisho ya mwaka 2012. Deraya ya vita kwa mnyama asiyepiganiwa mgongoni ni pambo lililoazima jina la silaha. Mwenye Shadowmere, yule farasi asiyekufa wa kundi la wauaji la Dark Brotherhood, ndiye kabisa hana haja nayo. Na mwenye farasi wa kawaida akiuliwa farasi wake, deraya imekwenda naye, na dawa yake ni zile sarafu 500. Wangeiita pambo tangu mwanzo, pasingekuwa na wa kuwadai ulinzi.

Hata hivyo wachoraji siwalaumu, kwani kazi yao ilikuwa njema: mabamba ya Kielfu yanakaa vizuri mwilini, na barakoa ya usoni inampa farasi haiba ya kifalme.

Na maadamu nimezitaja pointi, wasomaji wangu wa siku nyingi watanivumilia nikirudi kwenye ugomvi wangu wa zamani. Sijapata kuona hadaa ya adabu zaidi kuliko ile sarafu ya Microsoft, ambayo 80 zake zilikuwa dola moja, ili mnunuzi asiweze kupiga hesabu kichwani bila kusita, na ambayo dukani mwao hukuweza kuinunua kwa idadi unayoitaka, maana fungu dogo kabisa lilikuwa la pointi 500. Mwenye kutaka deraya ya 200 alilazimika kununua 500, akabakiwa na 300 zisizorudi mfukoni kamwe. Na tazama jinsi 300 zinavyotosha barabara Orrery na Wizard's Tower, 150 kwa 150, pasibaki kitu. Sidai kwamba hesabu hiyo ilipangwa. Nasema tu kwamba sarafu ya bandia humfanya mnunuzi asahau alichotoa, na mwaka 2013, Microsoft ilipoiondoa na kurudisha bei za fedha za kawaida, hakuna niliyemsikia akiilia.

Sasa niwakumbushe waliosahau, na niwaarifu vijana waliozaliwa baadaye, kwamba mambo ya nyongeza hayakuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 2002 Bethesda hiyo hiyo ilitoa Morrowind, na kwa wachezaji wa kompyuta ikafuatisha nyongeza ndogo ndogo pasipo kudai senti moja: deraya za LeFemm na za adamantium, kofia ya Tohan, vita vya ngome ya Firemoth, na ile Master Index ambayo mimi huihesabu kuwa kipimo cha kazi zote za namna hii. Folms Mirel wa Caldera anakutaka ukamtafutie vifaa kumi viitwavyo propylon index vilivyotawanyika nchi nzima, na ukivikusanya anakufungulia njia ya kusafiri kutoka ngome hadi ngome. Ilikuwa bure kwa fedha na ghali kwa jasho. Deraya ya farasi ikaja kuwa ghali kwa fedha na bure kwa jasho. Wakubwa wale wa 2002 walielewa kwamba mchezaji hukithamini alichokitolea miguu yake, na walielewa hivyo wakiwa hawana duka lolote la kulilinda.

Waliokuja baadaye walichukua kosa wakaacha somo. Aprili 2010 Blizzard iliuza farasi wa nyota kwa wachezaji wa World of Warcraft kwa dola 25, akawasili kwa posta ya mchezo, bila hata saisi wa kumpokea. Novemba 2017 mchezo wa Guild Wars 2 ulileta sura 30 za wanyama wa kupanda, kila moja kwa vito 400, nawe ukilipa hukujua utapata ipi, hata wachezaji wakachachamaa na mkuu wa kampuni iliyoutengeneza akalazimika kutoka hadharani kujieleza. Banda la Snak, pamoja na upungufu wake wote, angalau lilikuwa banda.

Najua jibu nitakalopewa: deraya ilinunuliwa, na soko ndilo hakimu. Kununuliwa ni ushahidi kwamba watu walikuwa na hamu, na hamu ya kumpamba farasi sikuikana hata mara moja. Lakini bidhaa inayotamaniwa ikiuzwa vibaya, uuzaji wake haugeuki kuwa mwema kwa sababu ya tamaa ya mnunuzi. Bethesda wenyewe waliligusa jeraha tarehe 1 Aprili 2009, walipopunguza kwa nusu bei za nyongeza zote za Oblivion, isipokuwa deraya ya farasi, ambayo wakaipandisha mara mbili. Utani ulikuwa mzuri, nao ulikuwa tena juu ya bei. Juu ya banda, kimya.

Miaka 19 baada ya kosa, Aprili 2025, ikatoka Oblivion Remastered, ya kawaida kwa dola 49.99 na ya anasa kwa dola 59.99, na katika hiyo ya anasa mna deraya mpya za farasi, za Akatosh na za Mehrunes Dagon. Safari hii zimefungamanishwa na kazi za kutendwa: mchezaji anatumwa, anapigana, anapata. Kwa hiyo hukumu niliyoitoa hapa wameitoa wao wenyewe kwa vitendo, ingawa hawakuitangaza, nami naipokea jinsi ilivyo. Mchezo wa sita wa ukoo huu wa Morrowind, Oblivion na Skyrim umetangazwa tangu 2018, na ukitoka bila shaka utakuwa na farasi, na farasi watakuwa na matandiko ya kuuzwa. Wauze, tena kwa bei waipendayo. Ila saisi akae nyuma ya meza yake, ataje bei kwa dhahabu, na akubali kupatana.