Hakulala, Aliganda

Klipu ya kijana anayemkata sungura kucha huku kamlaza chali mmeiona. Wiki nzima imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mimi peke yangu nimetumiwa mara tano, ya mwisho na shemeji yangu ambaye hajawahi kufuga hata kuku, akiuliza kama na mimi naweza kumlaza sungura vile. Naweza, shemeji. Kila mwenye mikono miwili anaweza, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo.

Tuanzie palipoharibika, sekunde ya 41. Kijana mwenye aproni ya kijani kashika ngozi ya shingo kwa mkono wa kulia, makalio kwa wa kushoto, akampindua sungura chali mapajani. Sungura akatupa teke moja, miguu ikakosa pa kukanyaga, akatulia tuli. Kijana akaitazama kamera, akatabasamu: "Mnaona? Amelala huyu. Anapenda." Nyuma ya kamera ikasikika sauti ya mtoto: "Anko, anaogopa." Anko akacheka. "Haogopi, amelala."

Hakulala yule. Aliganda. Sungura ni mnyama anayeliwa na karibu kila chenye kucha na meno, na akishabebwa mgongo chini, tumbo juu, mwili wake unajua jambo moja tu: nimekamatwa. Mbio hazipo tena, mateke hayafiki popote, imebaki silaha ya mwisho, kujifanya mfu, pengine mwindaji atalegeza mdomo. Mwaka 2006 huko Uingereza, mtafiti Anne McBride na wenzake walilichunguza jambo hili hili, sungura kulazwa chali "atulie", wakakuta dalili za hofu mwilini na kwenye mwenendo wake. Miaka yote hiyo imepita, bado tunaonyeshwa kama maajabu.

Simamisha picha sekunde ya 46. Jicho limetoka, na ukingoni umejichora mstari mweupe ambao kwa sungura aliyetulia huuoni. Masikio yamelala nyuma, yamebana. Miguu ya mbele imekakamaa kama vijiti. Sasa tazama ubavu, chini kidogo ya kidole gumba cha kijana: unapanda na kushuka mbio mbio kama wa mtu aliyetoka kukimbizwa. Najua mtaniambia sungura hulala macho wazi. Kweli, hulala hivyo, hasa akiwa hajapaamini mahali. Lakini aliyelala pua yake hupunguza mwendo, mwili ukalegea, na akiwa na raha kamili hujitupa ubavu ghafla, miguu kule, hadi mgeni wa nyumbani anadhani kafa. Kujitupa ubavu hujitupa mwenyewe. Hakuna sungura aliyewahi kupinduliwa akashukuru.

Na sisi tuliokulia kijijini hatuna haki ya kudanganyika. Nani hajamlaza kuku? Unamfunika kichwa chini ya bawa, unambembea kidogo, unamweka chini, anabaki pale kama jiwe huku watoto mnavunjika mbavu. Mchezo wa kale huo. Mwaka 1646 padri Athanasius Kircher aliuandika kitabuni, yeye akimchorea kuku mstari wa chaki. Hata sisi watoto hatukuwahi kusema kuku anapenda.

Sasa tuirudishe klipu nyuma, kwa sababu uamuzi wa sekunde ya 41 haukutoka mbinguni. Sungura alishakataa mara nne.

Sekunde ya 22 mkono unakuja moja kwa moja mbele ya pua. Macho ya sungura yako pembeni, anaona karibu pande zote, hata nyuma na juu, ila pale mbele ya pua na chini ya kidevu ndipo haoni. Mkono uliotoka pale ni mkono uliotokea hewani. Akarudi hatua moja. Sekunde ya 27 akajibana sakafuni, tumbo chini, masikio yamebandikwa mgongoni, na mtangazaji wetu akasema: "Ona anavyoninyenyekea." Jamani! Kuna kukaa boflo, miguu imekunjwa chini ya mwili, masikio yamelegea, macho nusu, pua inatikisika polepole. Hiyo ni starehe. Na kuna kujibana sakafuni, mwili umekaza kila msuli, macho yametoka. Asiyetofautisha hayo mawili asipewe kamera.

Sekunde ya 33, dii! Mguu wa nyuma ukapiga sakafu. Hata spika za simu yangu, ambazo hazina besi, ziliutoa ule mshindo. "Anacheza ngoma," akasema kijana. Sungura hawa tunaowafuga asili yao ni Hispania na Ureno, watu wa mashimo. Mguu ukipiga ardhi, walioko chini wanapata habari kuwa juu kuna hatari. Ni king'ora. Yule alipiga king'ora akiwa peke yake kwenye mkeka wa studio, hana wa kumwambia isipokuwa mtu yule yule aliyemtisha.

Cha nne ndicho wengi mlikipita. Sekunde ya 38, pua ilisimama. Pua ya sungura ni kama mshale wa spidi: akiwa na udadisi inakwenda mbio, akitulia inapoa, na akiwa mahali pake ikasimama ina maana kasinzia. Ikisimama huku macho yametoka na masikio yamebanwa, amezuia kila kitu anasikiliza atakufa upande gani. Sekunde tatu baadaye akapinduliwa.

Haki yake kijana nimpe: nyasi kavu zilikuwa tele, mwanzoni alikaa sakafuni akasubiri sungura amjie, na kucha alizikata vizuri, hakugusa mshipa.

Ndiyo, kucha. Mtu kaniambia, "Sasa angezikataje bila kumlaza?" Babu yangu mzaa mama, Lushoto, hakumlaza sungura chali hata siku moja, na wake walikuwa na kucha fupi kuliko zangu. Alikuwa na kanga kuukuu iliyochakaa hadi ikawa laini kama pamba. Anamviringisha nayo kama mtoto mchanga, anamkalisha mapajani kwa miguu yake minne, kichwa kimefichwa kwenye kiwiko, makalio yamebanwa ubavuni kwa babu. Anautoa mguu mmoja, anakata, anaurudisha. Akisikia mwili umekaza anaacha. Miwili leo, miwili kesho. "Kucha hazikimbii," alikuwa akisema, na sungura wake nao hawakuwa wakimkimbia.

Kabla ya kumgusa aliketi kwenye kigoda kando ya banda, kimya, hata dakika kumi. Mimi nilidhani anapumzika. Alikuwa anasoma. Yupi kasugua kidevu kwenye mlango leo, maana chini ya kidevu kuna tezi za harufu na kusugua ni kuandika jina lake pale. Yupi anasaga meno taratibu, ile sauti ndogo ya kuridhika akikunwa kipaji, na yupi anasaga kwa nguvu huku kajikunja pembeni na majani hajayagusa, huyo ana maumivu. Sungura hatapiki, akigoma kula, tumbo linaweza kusimama na siku moja tu ikatosha kummaliza. Yupi alfajiri karuka juu akajipinda hewani bila sababu, mruko ambao wafugaji wa mjini siku hizi wanauita binki. Babu hakuwa na jina lake. Alisema tu, "Huyu leo kafurahi."

Mtaalamu wa viumbe Ronald Lockley naye aliwakalia sungura-mwitu miaka kadhaa huko Orielton, Wales, ndipo akatoa kitabu chake mwaka 1964. Miaka! Wetu wa leo anakalia sekunde 20, halafu anafundisha.

Na kwa kuwa nimeshakasirika, niseme na la masikio, ingawa nimelisema humu hadi mhariri kachoka. Kwenye picha ya kutangaza klipu ile, sungura ananing'inia kwa masikio. Masikio yamejaa mishipa ya damu, ndiyo yanayompunguzia joto, hayakuumbwa kuwa mpini. Naona tunamchanganya na Sungura wa hadithi, yule mjanja anayemchezea Fisi. Yule ni wa porini, mtoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi, hachimbi mashimo. Huyu wa bandani huzaliwa uchi na kipofu, na ujanja wake wote ni kupiga mguu chini akitumaini kuna anayesikia.

Mnaoniona nimezidi kwa sungura kupinduliwa mara moja tu, basi hili. Mifupa ya sungura ni kama asilimia 7 au 8 ya uzito wake. Ya paka hufika 12 au 13. Lakini mapaja yake ni ya mkimbiaji. Akitupa teke hewani huku kashikwa vibaya, misuli yake mwenyewe inaweza kumvunja uti wa mgongo. Nilikuwa darasa la nne, babu kaenda msikitini, nami nikataka kumwonyesha binamu yangu jinsi sungura "anavyokufa na kufufuka". Jike wa kijivu niliyempindua alitupa teke moja, kama la kwenye klipu. Nilipomweka chini alikwenda kwa miguu ya mbele, ya nyuma inaburuzwa. Babu aliporudi hakunipiga. Alimchukua, akaenda naye nyuma ya nyumba, akarudi peke yake, akaikunja ile kanga.

Wa kwenye klipu alinusurika. Alipoachiwa alikwenda pembeni, akageuza mgongo, akakung'uta miguu ya nyuma kwa zamu, kushoto, kulia, akakaa akiutazama ukuta. Mtangazaji akasema amechoka. Watazamaji wengi chini waliandika "kasusa huyo", na walipatia.

Kama kipindi kile kinarudi wiki ijayo, ombi langu ni moja. Kijana abaki na kikata kucha, mkono wake mzuri. Kipaza sauti apewe yule mtoto wa nyuma ya kamera.