Karamu Katika Al-Inkishafi

Wengi wausomao utungo wa Al-Inkishafi huuchukua kuwa mawaidha, na hapana shaka ni mawaidha. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga yapata miaka mia mbili iliyopita, akiuonya moyo wake kwa kuanguka kwa Pate, mji wake. William Hichens naye, alipouchapisha London mwaka 1939, aliupa jina dogo la Kiingereza lenye maana ya mwamko wa nafsi. Na tangu hapo msomaji huingia humo kama aingiavyo msikitini, akiwa tayari kuitikia amin. Nami nilikuwa katika jamaa hiyo mpaka niliporudi Mombasa, mji nilioishi ujanani, pamoja na rafiki wawili.

Tulikula mahamri kwa mbaazi za nazi, kisha tukaketi barazani katika Mji wa Kale, si mbali na Ngome, tukaagiza kahawa chungu na kashata. Mmoja wetu alikuwa ametoka kuitazama nyumba ya bibi yake, akaikuta imefungwa kufuli. Mbaazi hakuzigusa, na kahawa ilimpoa mkononi. Alikuwa akihesabu waliokufa. Wa pili alimwambia, “Kunywa, ndugu yangu, wafu hawana haraka.” Nilicheka, kisha nikaona haya, maana ugomvi wao ni mkongwe kuliko sisi sote.

Katika karne ya 6 Imru' al-Qays aliufungua wimbo wake mashuhuri kwa kuwaomba wenzi wawili wasimame naye walilie makao yaliyohamwa. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye Abu Nuwas aliwacheka washairi wasemao na magofu. Yeye alitaka kujua nyumba ya mvinyo iko wapi. Basi yule aliaye na yule anywaye wamekuwa wakivutana tangu zamani katika ushairi wa Kiarabu, na Sayyid Abdalla, sharifu aliyelelewa katika elimu ya lugha hiyo, hakufuata hata mmoja wao. Hana mwenzi wa kulia naye wala wa kunywa naye. Ana moyo wake tu, na anauambia uende katika nyumba zile ukaite. Nao ukiita, hapana mtu aitikaye.

Lakini ukimya ule tungeusikiaje kama hakutuonyesha kwanza karamu? Mhubiri wa kawaida angalisema kwamba walikuwa matajiri, akapita. Mtunzi huyu hapiti. Awasha kwanza taa za kioo na za shaba mpaka usiku ukawa kama mchana. Apanga vyombo vya Kichina vilivyoteuliwa, na vikombe vilivyonakshiwa, na katikati yake mitungi ya kioo. Mkono wake watua juu ya vyombo hivi kwa upole wa mtu aliyevipenda, na sidhani kwamba aona haya. Kisha arudi kwenye vidaka vile vile vya ukutani vilivyowekwa sahani, na tazama ni nini kilichomo sasa: makinda ya ndege. Wafasiri husema hii ni ishara ya ukiwa. Ni kweli, ila wamesahau kwamba makinda hulishwa. Pale palipokuwa na sahani bado panaliwa, ila si na watu. Hata dunia yenyewe ameifananisha na kisima chenye ng'ombe wa kupiga pembe, ambacho hapana apataye kunywa maji yake. Mtu asiyejua kiu hangaliunda mfano huu.

Kuna mahali nisipoweza kuitikia amin. Matajiri wa Pate walipolala walikuwa na wakandaji wa kuwakanda na wapepeaji wa kuwapepea, na watu hao wametajwa. Wametajwa, lakini kwa namna zilivyotajwa taa na mito ya kitandani, kuwa sehemu ya neema ya bwana. Mtunzi awafuata mabwana mpaka kaburini, mpaka katika funza na usaha. Je, mikono iliyoshika pepeo ilikwenda wapi? Aliyeiosha mitungi ile ya kioo, yeye alipoteza nini Pate ilipoanguka, au alipata nini? Mawaidha hayahitaji jibu. Historia yalihitaji, na nadhani ushairi pia. Mtu arejeaye mjini huwalilia waliokuwa wakikaribisha wageni, huwasahau waliokuwa jikoni.

Usiku ule, rafiki yetu mwenye huzuni alimwuliza muuza kahawa ni mtoto wa nani. Alitaka, nadhani, kumpata mtu wa zamani. Kijana akajibu kwamba hakuzaliwa Mombasa, amekuja kutafuta riziki. Nyumba ile ya kufuli aliijua vizuri sana: mvua ikinyesha huweka jiko lake la kahawa chini ya kibaraza chake. Rafiki yetu akanyamaza kidogo, akasogeza kikombe ajaziwe.