Panya, vibakuli viwili na mazoea yanayopaswa kuachwa

Kumfundisha panya kufuata harufu si jambo geni kwetu. Kule Morogoro panya buku wamefundishwa kunusa mabomu ya ardhini, hata kifua kikuu ndani ya makohozi. Mwaka 2000 Jennifer Birrell na Verity Brown, wa Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskochi, walitaka kujua jambo la kinyume: panya aliyekwisha kuzoea kwamba harufu ndiyo yenye faida, je, anaweza kuipuuza pale inapoacha kumfaa?

Kwa binadamu kipimo kilikuwapo tangu miaka ya 1940, nacho ni karata za Wisconsin. Unazipanga kwa rangi, kwa umbo au kwa idadi, kisha kanuni inabadilishwa kimyakimya. Mwaka 1963 Brenda Milner alionyesha kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya mbele ya ubongo hung'ang'ania kanuni ya zamani hata wanapoambiwa wamekosea. Panya hachezi karata, lakini kufukua anajua.

Basi akawekewa vibakuli viwili, kila kimoja na harufu yake na kitu chake cha kufukuliwa. Tuseme mdalasini na karafuu, maranda na shanga. Chini ya kimoja kumefichwa kipande cha nafaka tamu, na panya amepunjwa chakula ili awe na hamu. Mdalasini ukiwa ndio sahihi, ni sahihi uwe kwenye maranda au kwenye shanga. Akipatia mara 6 mfululizo, anapanda ngazi. Kwa kubahatisha tu, kupatia mara 6 hivyo ni nafasi 1 kati ya 64.

Ngazi ni 7, zote kwa siku moja. Katika tatu kati ya hizo jibu hugeuzwa tu: karafuu inachukua nafasi ya mdalasini. Ila ufundi wenyewe uko katika ngazi ya 4 na ya 6, na hapo ndipo ninapowavulia kofia Birrell na Brown.

Katika ngazi ya 4 kila kitu huondolewa, zikaja harufu mpya na vitu vipya vya kufukua. Hakuna jibu la zamani la kukariri. Kinachobaki kumsaidia panya ni yale mazoea ya kutazamia harufu, na bado yanamfaa. Katika ngazi ya 6 vyote huondolewa tena, vipya vikaletwa, lakini safari hii chakula kinafuata kitu cha kufukuliwa, si harufu. Mgeni akiingia chumbani hawezi kujua anatazama ngazi ipi, kwa kuwa mezani hakuna tofauti. Tofauti imo kichwani mwa panya. Na ili mtu asidai kwamba harufu ni rahisi kuliko maranda, wanyama wengine huanzia upande wa pili.

Panya wazima walihitaji majaribio mengi zaidi katika ngazi ya 6 kuliko ya 4. Walioharibiwa upande wa kati wa sehemu ya mbele ya ubongo walizipita ngazi nyingine kama wenzao, wakakwama kwenye hiyo ya 6. Mwaka 2003 McAlonan na Brown waliharibu eneo lililo juu ya matundu ya macho, mambo yakawa kinyume: kugeuza jibu ndiko kulikowashinda. Mgawanyo kama huo Dias, Robbins na Roberts walikuwa wameuona kwa tumbili wadogo wa marmoseti mwaka 1996.

Kipimo kina matundu yake. Panya anaweza kunusa chakula chenyewe, ndiyo maana maabara nyingi hunyunyiza unga wa chakula hichohicho katika vibakuli vyote viwili. Tena, wanyama wazima wasipoonyesha tofauti kati ya ngazi ya 4 na ya 6, mazoea hayakujengeka, na matokeo yaliyobaki mimi siyasomi.

Je, labda panya wenye jeraha walikuwa wamechoka tu, au wameshiba? Ngazi ya 7 huja baada ya ile iliyowakwamisha, wakiwa wamechoka na kushiba zaidi. Waliipita sawa na wenzao.