Kubana kifua kikubwa kwenye joto la Dodoma

Mwaka 2017 jarida la Culture, Health & Sexuality lilichapisha utafiti ulioongozwa na Sarah Peitzmeier. Waliohojiwa walikuwa watu 1,800 wanaobana vifua vyao ili vionekane bapa, wakiwemo wanaume transijenda, yaani watu waliozaliwa wakahesabiwa wasichana lakini wanajijua na kuishi kama wanaume. Waliulizwa kuhusu matatizo 28 ya kiafya. Zaidi ya asilimia 97 walisema kubana kumewaletea angalau moja, na zaidi ya nusu walitaja maumivu ya mgongo na joto kupita kiasi.

Idadi hiyo inatisha, na wasomaji wengi huishia hapo. Kwa mtu wa Dodoma, Manyoni au Kondoa, mambo mawili yaliyo chini yake yana faida zaidi. Kwanza, kilichoambatana na matatizo mengi kuliko kingine chochote ni idadi ya siku mtu anazobana: matatizo 22 kati ya 28. Pili, ukubwa wa kifua uliambatana hasa na magonjwa ya ngozi. Kwa hiyo mwenye kifua kikubwa anayeambiwa na rafiki zake "vaa saizi ndogo zaidi" anapewa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Adui zake wakubwa ni jasho na kalenda.

Tuanze na ufundi wenyewe. Mwenye kifua kidogo huvaa singlendi ya kubana, mambo yakaisha. Kifua kikubwa kina ujazo, na ujazo haupotei kwa kubanwa, unahama tu. Ukiusukuma moja kwa moja nyuma unakutana na mbavu. Ukiupandisha juu unatokea kwenye shingo ya fulana. Ukiukusanya katikati unapata tuta moja pale palipokuwa na mawili. Njia inayobaki ni kuutawanya, kila titi likielekezwa chini kidogo na nje kidogo, upande wa kwapa, mpaka uso wa kifua uwe mpana badala ya kuchomoza. Kifua cha mwanaume aliyejaa hakiwi bapa kama meza, hivyo anayetafuta ubapa kamili anatafuta kitu ambacho hata kinyozi wake hana.

Wengi huanza na kilichopo nyumbani. Kufunga mwili kwa nguo hakujaanza leo kwetu: mzazi hufungwa mkaja akishajifungua, na siku hizi maduka ya nguo za ndani yanauza mikanda ya lastiki ya kubana tumbo kwa kazi hiyohiyo. Kijana asiye na chombo bora hupandisha mkanda huo kifuani, au hujizungushia bandeji ya lastiki, na akizidiwa huchukua selotepu ya kufungia maboksi. Tumbo ni laini, lina pa kwenda. Kifua kimezungukwa na jozi 12 za mbavu ambazo lazima zifunguke kila mtu anapovuta pumzi, mara 12 hadi 20 kwa dakika hata akiwa amekaa tu.

Kwa nini bandeji ni mbaya hivyo? Wauguzi wanaofunga vidonda vya miguu wanaijua kanuni ya Laplace. Mgandamizo wa bandeji huongezeka kwa nguvu iliyovutwa nayo na kwa idadi ya mizunguko, na huongezeka pia bandeji inapokuwa nyembamba. Sasa jifunge mizunguko mitano asubuhi, tembea kutoka Majengo hadi stendi, utoke jasho. Bandeji inateleza. Ukingo wake wa chini unajikunja na kuwa kamba, na mgandamizo uliokuwa umetawanyika kwenye upana wa sentimita 10 unakusanyika kwenye mstari wa sentimita moja. Kwa mwenye kifua kikubwa mstari huo huangukia kwenye mkunjo ulio chini ya titi, mahali penye joto na unyevu kuliko pengine pote. Selotepu ina ubaya wa ziada: haivutiki kabisa, na hutoka na ngozi. Hivi vyote viachwe, hata kwa siku moja ya harusi.

Watengenezaji wa binda, yaani fulana maalumu za kubana, walilitatua tatizo kwa kugawa kazi kati ya mbele na nyuma ya nguo. Kampuni ya Underworks ya Marekani ilikuwa tayari ikishona fulana za kubana kwa wanaume ambao matiti yao yamekua, hali ya kawaida kabisa kitabibu. Wanaume transijenda walizichukua kwa sababu ndizo zilizokuwepo. Mwaka 2015 Marli Washington, mwenyewe mwanaume transijenda, alianzisha gc2b ili kushona binda kwa ajili ya miili kama yake. Siri ya nguo hizi ni ndogo. Paneli ya mbele haivutiki, nayo ndiyo inayotawanya. Mgongo umeshonwa kwa nailoni yenye spandeksi inayovutika, na huo ndio unaopumua pamoja na mbavu. Anayevaa akivuta pumzi, kifua hupata nafasi kupitia mgongoni. Bandeji haina mbele wala nyuma, inabana kotekote.

Mwenye kifua kikubwa hufaidika na binda ndefu inayofika kiunoni kuliko fupi inayoishia chini ya matiti, kwa sababu ukingo wa ile fupi hujikunja palepale kwenye mkunjo. Wenye nyonga pana hulalamika kwamba ndefu nayo hupanda juu. Dawa yake ni kuichomeka ndani ya suruali, au kumwambia fundi aongeze upindo mpana.

Nguo ikikaa vibaya, tazama nyama inamwagikia wapi kabla ya kulaumu saizi. Ikitokeza kwapani, tundu la mkono ni kubwa mno au paneli ya mbele ni nyembamba. Ikitokeza shingoni, shingo imekatwa chini mno, au umeisukuma juu ulipokuwa unavaa. Tuta la katikati maana yake hujapanga: ingiza mkono ndani, shika kila titi, lipeleke chini na nje, kisha lainisha nguo. Alama nyekundu za kina mabegani zinasema mikanda ya bega inabeba mzigo ambao paneli ingebeba, na hapo nguo ni ndogo. Kosa la watu wengi ni kujibu dalili zote hizi kwa jambo moja, kununua ndogo zaidi au kuvaa mbili kwa pamoja. Ndogo zaidi huongeza kumwagika, kwa kuwa nyama ileile inatafuta mlango kwenye nguo yenye eneo dogo.

Pima kwa tepu ya fundi: mzunguko wa kifua pale palipojaa zaidi, mzunguko chini ya matiti, na upana wa mabega. Ukiangukia kati ya saizi mbili, chukua kubwa. Halafu ijaribu kwa pumzi. Bila nguo, pima mzunguko chini ya kwapa baada ya kutoa pumzi yote, kisha baada ya kuivuta yote. Kwa mtu mzima mwenye afya tofauti huwa sentimita kadhaa. Rudia ukiwa umevaa. Mimi huhesabu kwamba tofauti ikishuka chini ya nusu, nguo hiyo irudi ilikotoka. Kohoa, inama ufunge kamba za viatu, panda ngazi huku ukiongea. Sentensi ikikatika katikati, umeshapata jibu.

Kuvaa nako kuna njia yake. Kifua kikubwa na binda ya kupitishia kichwani ni ugomvi wa kila asubuhi. Ingia kwa miguu, uipandishe kama unavyopandisha sketi, kisha uingize mikono. Kuvua ni kugumu zaidi nguo ikiwa imelowa jasho, na mtu anayeishi peke yake afikirie binda yenye zipu au vishikizo ubavuni. Mkasi ukae karibu. Nguo hununuliwa tena.

Madukani Dodoma hutazikuta binda zimetundikwa. Lakini mitumba ipo, na mnada wa Msalato siku ya Jumamosi una marobota ya kutosha. Tafuta sidiria ya michezo isiyo na vikombe wala waya, yenye mgongo mpana na upindo mpana chini. Zenye vikombe viwili zimetengenezwa kushika kila titi mahali pake, na hilo ndilo usilolitaka. Nguo hii yenyewe ina asili ya kuchekesha: ya kwanza, Jogbra, ilishonwa Vermont mwaka 1977 na Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller kwa kuunganisha nguo mbili za ndani za wanamichezo wa kiume. Ukishaipata, mpelekee fundi cherehani pamoja na kipande cha kitambaa cha pamba kisichovutika. Maneno ya kumwambia ni machache: "Fundi, nishonee kitambaa hiki upande wa mbele tu, kwa ndani. Mgongo uache uvutike. Mshono usipite chini ya ziwa." Fundi mzoefu hahitaji maelezo zaidi. Amewashonea wanawake wenye vifua vikubwa nguo za ndani miaka yote.

Sasa hali ya hewa. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijafika, mchana wa Dodoma hupita digrii 30 na vumbi linaingia kila mahali. Uwanda wa kati una nafuu moja ambayo Dar es Salaam haina: hewa kavu. Nailoni iliyofuliwa jioni inakauka kabla ya alfajiri, hata ndani ya chumba. Nafuu hiyo inaishia juu ya nguo. Chini yake, kwenye mkunjo, kuna unyevu, joto na msuguano, na hapo ndipo upele wa mikunjo na fangasi huanza: wekundu, mwasho, harufu, wakati mwingine ngozi kupasuka. Singlendi nyepesi ya pamba ivaliwe ndani ya binda. Mkunjo ukaushwe kwa kupapasa na taulo, usisuguliwe. Ukiweza kuwa na binda mbili, zipokezane, kwa sababu kurudia iliyokauka na chumvi ya jasho ni kujisugua kwa msasa. Ifuliwe kwa mkono, maji ya baridi na sabuni kidogo, ianikwe kivulini. Jua la mchana na pasi huua spandeksi, na binda iliyokufa hubana upande mmoja na kulegea mwingine.

Kuna wanaouliza kuhusu plasta za misuli zinazovutika, zilizobuniwa Japani na Kenzo Kase. Kwa kifua kidogo zinafaa. Kwa kikubwa, uzito wote unaning'inia kwenye ngozi, na kwenye jasho hutokea malengelenge. Anayejaribu asizungushe plasta mwili mzima hata kidogo, na aibandue kwa mafuta.

Muda ndio mgumu zaidi kuupanga. Ushauri uliozoeleka ni saa 8 kwa siku, 10 zikizidi sana, kutolala nayo, na siku za kupumzika kila wiki. Mtumishi wa serikali anaingia kazini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri. Saa 8 zimeishia ofisini, na bado hajapanda daladala kutoka Mji wa Serikali wa Mtumba kurudi mjini. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma mwenye vipindi vya jioni yuko vibaya zaidi. Kinachosaidia ni kuihesabu safari: nenda na binda kwenye begi, uivae ukifika, au uivue chooni kabla ya kurudi, ukiwa na shati la kukufaa juu. Anayebeba kreti za zabibu Hombolo, anayelima au anayecheza mpira avae singlendi ya kubana kidogo tu. Kazi ya nguvu inataka pumzi yote. Mwenye pumu, au mwenye kikohozi cha vumbi, aipumzishe kabisa mpaka apone.

Ndiyo maana nguo za juu zina thamani kuliko watu wanavyodhani. Kaunda suti, kwa mfano, ina kitambaa kigumu kisichoshika mwili na mifuko ya kifuani inayokata umbo. Sijui vazi la kiofisi linalomfaa mwenye kifua kikubwa kuliko hilo. Shati lenye maua au mistari lililofunguliwa juu ya fulana nyeusi hufanya kazi jirani na hiyo. Juni na Julai, baridi na upepo wa Dodoma vinapowavika waendesha bodaboda makoti mazito na reflekta juu yake, hakuna anayeuliza kwa nini umevaa koti. Hiyo ndiyo miezi ya kupunguza siku za kubana, na ngozi iliyochoka ipate nafasi.

Vidole kufa ganzi, kizunguzungu, maumivu makali ya ubavu, kukosa pumzi au uvimbe kwenye titi: vua hapohapo, na visipoisha nenda hospitali. Najua kwa nini wengi hawaendi. Februari 2017 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za VVU katika vituo 40 vilivyotuhumiwa kuhamasisha ushoga. Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza msako wa mashoga, na Serikali ikasema siku chache baadaye kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi. Hofu ilibaki. Lakini ubavu unaouma hautaki historia ya maisha. "Nilivaa nguo ya kubana sana" inamtosha daktari kuanza kupima. Na fangasi wa chini ya titi ni ugonjwa wa kila siku kwa wanawake wenye vifua vikubwa, hivyo duka la dawa muhimu la mtaani litakuuzia krimu ya klotrimazoli bila swali la ziada. Ipakwe kwenye ngozi kavu, na binda ikae kwenye kamba mpaka wekundu uishe.